Asubuhi ya Kuhesabu Mbu Wangkulu

Ukitaka kuanzisha ugomvi usioisha huku pembezoni mwa Ziwa Kwania, uliza tu ni wapi penye mbu wengi zaidi. Usiulize siasa, wala ng'ombe wa nani amekula mtama wa nani. Uliza mbu. Mtu wa Tekidi atakuambia mbu wa kwao hubisha hodi kwanza. Mtu wa ng'ambo ya kinamasi atacheka mpaka pombe imtoke puani, aseme basi hao wana adabu, wa kwao huingia na kukaa kitako. Kuna mwalimu alihamishiwa huku kutoka mjini Lira, akasema hata mjini mbu wapo, tukamwonea huruma tukanyamaza. Baada ya wiki mbili alirudi kilabuni mwenyewe akaomba radhi.

Lakini hayo ni maneno ya kilabuni, watu wameuzunguka mtungi wa pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni. Nyumbani mambo ni mengine. Akija mgeni, mbu hukanwa na ukoo mzima. Mbu? Labda zamani. Mgeni akiumwa na mbu chini ya paa lako, aibu hiyo itakufuata mpaka kwenye mahari ya binti yako. Ndivyo tulivyo, na simcheki mtu, maana hata kwangu ni hivyo hivyo.

Alum hakuwahi kugombana na yeyote juu ya jambo hilo. Yeye aliwahesabu.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza jambo la chumba cha pili. Alizaliwa Wangkulu, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa kinamasi, uchungu ukimkuta mama yake katikati ya kukata nyasi za kuezekea. Ndiyo sababu akapewa jina la nyasi za porini. Alipokuwa mdogo aliamini kinamasi nacho hulala, na ile sauti nyembamba inayoanza jua likizama ni kinamasi kinakoroma. Alisinzia akiisikiliza. Mama yake alikaa kando ya mkeka akimpepea kwa kipande cha kitenge mpaka mkono ukaanguka wenyewe, na hapo sauti ikasogea karibu.

Homa ilimjia kila msimu, na kila msimu ilikuja na ndoto ileile. Mafunjo yalitoka majini yakatembea taratibu mpaka mlangoni, marefu, yenye vichwa vya manyoya, yakasimama yakimtazama bila ubaya wowote. Aliyapenda. Wadogo zake wawili, Okot na Amolo, nadhani nao waliyaona, maana walikuwa wakielekeza kidole mlangoni na kucheka. Kisha, mwaka ule wa mvua nyingi, wakaondoka nayo, mmoja mwezi wa tano na mwingine mwezi wa sita. Alibaki Alum na kitinda mimba, Ebong, aliyekuwa bado mgongoni mwa mama. Kwa miaka mingi Alum hakuweza kukata funjo kwa panga bila kuliomba msamaha kimoyomoyo.

Aliolewa huko kwenye barabara kuu, akafiwa na mume, akapata kazi ya kufagia kwenye zahanati. Hapo ndipo Engola, bwana wa utafiti wa mbu, alipomkuta siku moja amekaa kivulini akichambua ufuta, anatoa punje za mchanga moja moja bila kukosea na bila hata kutazama sana. Akamwuliza kama anaweza kuokota na mbu. Alum akasema hajui, lakini wao wanamjua yeye tangu utotoni. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja katika kazi hiyo.

Kazi yenyewe haina makuu. Mnafika alfajiri, mnauliza nani amelala humu. Vyombo na chakula vinatolewa nje, mashuka meupe yanatandikwa ukuta hadi ukuta, mianya yote inazibwa, dawa inapulizwa, mlango unafungwa. Mnangoja dakika kumi. Kisha mnainua mashuka kwa pembe zake, mnayatoa nje kwenye mwanga, na mbu waliokuwa wamejificha darini na nyuma ya nguo wako pale, wameanguka. Alum huwaokota kwa kibanio, mmoja mmoja, akiwapanga kwenye kisahani chenye pamba yenye unyevu, wenye damu tumboni upande huu, wasio na damu upande ule.

Zile dakika kumi za kungoja ndizo alizozipenda kuliko kazi yote. Aliegemea ukuta wa watu, jua halijapanda, ukungu umelala juu ya mtama, na ndani ya nyumba sauti ile aliyoijua ikipungua, ikipungua, mpaka isiwepo. Mara nyingine alisinzia kwa kusimama. Mara nyingine alimwona Amolo akipita nyuma ya ghala, na alikuwa anajua vizuri kwamba hayupo, ila hakuona sababu ya kumkatalia.

Sasa mwaka huu palikuwa na jambo. Dawa ya kupaka ukutani, ile inayokaa miezi sita ikiua kila mbu anayetua, ilikuwa imefika ya kijiji kimoja tu. Vijiji vilivyobaki kwenye orodha vilikuwa Tekidi na Wangkulu. Zingehesabiwa nyumba kumi huku na kumi kule, asubuhi moja kila upande, na kijiji kitakachozidi kwa mbu ndicho kingepewa dawa. Tekidi walikuwa wameshahesabiwa wiki iliyotangulia. Nyumba kumi zilitoa mbu tisini na wawili.

Na Wangkulu ndiko alikokuwa Abeja, mke wa Ebong, mwenye mimba ya miezi mitano. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza homa ilizitoa, zote zilipogusa mwezi wa sita, na zote Alum alikuwepo, akashika taa. Kwa hiyo tusifichane: huyu mama aliyeaminiwa kuhesabu kwa haki alitaka kwao kushinde. Alilala akiomba mbu. Alijua dua hiyo si ya mtu mwenye akili timamu, akaiomba hivyo hivyo, kila usiku, kwa wiki nzima.

Sikia basi kosa lake. Jumapili alimpigia simu Ebong, akamwambia, "Jumanne alfajiri tunakuja kazini, mimi na bwana Engola. Mtoe vyombo nje tu. Msijisumbue."

Msijisumbue! Nani kati yetu amewahi kuambiwa asijisumbue akatulia? Ebong aliposikia bwana mkubwa anakuja, tena analetwa na dada yake, akauarifu ukoo. Na sisi hatuna mchezo na mgeni.

Jumanne pikipiki iliwashusha Wangkulu wakati wa ukungu. Alum aliona viwanja vimefagiliwa mpaka mistari ya fagio inang'aa kwa umande. Kuta zilikuwa zimesiribwa upya kwa udongo mweusi. Kwenye ua wa Ebong chandarua kimefuliwa, kimeanikwa juu ya kichaka, bado kinachuruzika maji. Wanawake walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Alum akaanza kuhisi vibaya, na alipoinama kuingia nyumba ya kwanza akajua. Harufu ilikuwa imezama ndani ya nyasi za paa, nzito, tamu kidogo: kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na kivumbasi, vimefukizwa usiku kucha.

Engola hakushangaa. Nyumba ya nyasi hunuka moshi siku zote. Alisoma swali lake kwenye karatasi, "Jana usiku mlifukiza au kupuliza chochote humu?"

"Hapana, bwana," mwenye nyumba alijibu, ameinamisha kichwa. "Ulivyotukuta ndivyo tulivyo."

Kwetu mgeni haambiwi ulivyotoka jasho kwa ajili yake. Ukimwambia umemwonyesha mlango. Kwa hiyo nyumba ya pili wakasema hapana, na ya tatu wakasema hapana, na mashuka yakatoka nje meupe kama yalivyoingia, yana mende mmoja, buibui wawili, na vumbi.

Nyuma ya nyumba ya tatu Alum alimvuta Engola kando. "Bwana Engola, hawa wamefukiza."

"Wamesema hawakufukiza."

"Wanakuheshimu. Nanusa."

Engola akakuna kidevu. Alikuwa mtu mzuri, na alichoka kwa namna ya watu wazuri. "Mama Alum, wewe ni mtoto wa hapa. Nikiandika kwamba wenye nyumba wamekana watatu, na dada yao ndiye amenusa, kule juu wataniuliza nini? Aseme aliyelala ndani. Akisema mmoja tu, nitaandika."

Alum akajaribu. Alimkonyeza mke wa jirani, akamnong'oneza binamu yake mmoja kando ya ghala. Binamu akamshika bega kwa upendo akasema, "Tulia, dada. Hatuwezi kukuaibisha mbele ya bosi wako." Nyumba ya sita, bure. Ya nane, mbu wawili. Alum alitembea toka mlango hadi mlango miguu ikiwa myepesi ajabu, kama zile siku za homa, na kijiji kizima kilimtabasamia. Hakuwahi kupendwa hivyo na watu wa kwao, wala kukasirika nao kiasi kile.

Nyumba ya kumi ilikuwa ya Ebong. Ebong mwenyewe ndiye aliyejibu. "Hapana, bwana. Sisi ni watu wa usafi tu." Shuka likatoa mbu mmoja, naye amekauka, pengine wa mwaka jana.

Kisha wageni wakakalishwa kivulini. Palikuwa na viazi vitamu, na malakwang, ile mboga yetu chachu, imeungwa kwa ufuta mpaka inang'aa mafuta. Abeja alikuja na birika na beseni akapiga magoti kuwanawisha mikono, kama inavyompasa mke wa nyumba.

"Wanne," alisema Engola, akifunga daftari. "Nyumba kumi, mbu wanne. Hongereni, Mzee Ebong. Basi dawa itakwenda Tekidi."

"Iende, iende," Ebong alisema, uso umemchanua. "Wale wanaihitaji. Mimi nikilala kule kwa shemeji yangu narudi nimepungua kilo mbili."

"Ebong," Alum alisema, "umesikia anachosema? Dawa inakwenda Tekidi."

"Nimesikia, dada. Kula viazi."

Wazee waliokaa karibu wakacheka kwa raha. Abeja alikuwa bado amepiga magoti mbele ya Engola, anamimina maji polepole, macho yake kwenye maji.

"Bwana mkubwa," alisema, "naomba kuuliza. Mnahesabu nyumba yoyote, au nyumba aliyolala mtu?"

"Ile aliyolala mtu."

"Basi yangu bado."

Ebong akakohoa. "Abeja. Wageni wanakula."

"Ndiyo, baba, na waendelee kula." Hakuacha kumimina. "Jana tulifukiza. Nyumba zote kumi, toka jua kuzama, kinyesi cha ng'ombe na kivumbasi. Moshi ulinikaba, na hali yangu hii, nikaenda kulala nyumba ya marehemu mama. Kule hakukufukizwa. Hakuna ambaye angempeleka mgeni kule."

Sijui kama mnaelewa alichofanya. Mke aliyeolewa, amepiga magoti, mbele ya wazee wa mumewe, amemkanusha mumewe kwa mgeni. Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao.

Ebong alikirudisha kiazi kwenye sinia. Hakuwa mtu mbaya, Ebong. Alimpenda mkewe kiasi cha kuchekwa kilabuni. "Unanivua nguo mbele za watu," alisema kwa sauti ndogo.

"Wanasema mficha uchi hazai," Abeja alisema. "Mimi nimeficha mara mbili."

Engola alibaki mikono yake inadondosha maji, anamtazama Ebong, kwa sababu nyumba ilikuwa ya Ebong na neno lilikuwa lake. Ebong alitazama tumbo la mkewe. Alilitazama muda mrefu, na midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, labda miezi.

"Ni nyumba ya mama," alisema mwishowe, akisimama. "Mtaikuta chafu. Msije mkasema hamkuambiwa."

Ilikuwa nyuma ya ghala, imeinama upande mmoja, nyasi zake zimegeuka rangi ya majivu. Alum hakuwa ameingia humo tangu matanga ya mama yake, miaka minne. Ndani palikuwa na giza la baridi na harufu ya mtama wa zamani, na chini mkeka mmoja wenye alama ya mwili uliolala ubavu. Alitandika mashuka kuuzunguka mkeka, kisha akautoa mkeka, akatandika na hapo. Akaziba mianya kwa matambara. Engola akapuliza, wakafunga mlango.

Akaegemea ukuta. Jua lilikuwa limepanda, lakini kinamasi bado kilikuwa na ukungu wake, na mafunjo yalisimama ndani yake bila kutikisika. Nyuma ya udongo, karibu na sikio lake, sauti ilikuwa kubwa. Hakuwahi kuisikia kubwa hivyo tangu utotoni. Mama alikuwa anapepea, kitenge kinakwenda na kurudi, na Amolo na Okot walikuwa wamelala pande zake mbili, miili yao inachoma. Wawe wengi, aliomba Alum, macho yamefumbwa. Ee Mungu, wawe wengi, wawe wengi mno. Sauti ikapungua. Ikapungua. Ikawa haipo.

Walitoa mashuka wakayatandaza juani, na Alum akasikia watu nyuma yake wanavuta pumzi. Shuka la katikati lilikuwa na madoa meusi kila mahali.

Moyo ulimruka kwa furaha, niseme kweli. Alipiga magoti akaanza, na vidole vyake havikuwahi kwenda kasi hivyo. Kumi. Thelathini. Sitini, akasikia mtu anahesabu pamoja naye. Walipofika tisini na watatu Engola alicheka peke yake, akasema, "Hii nyumba moja imewashinda Tekidi yote. Zile kumi za asubuhi nazifuta. Nitaandika zilifukizwa."

Hapo aibu ya Wangkulu ikageuka kama nguo iliyopinduliwa upande wa pili. Binamu yule yule wa kando ya ghala akasema kwake wangekuwa mia mbili, tatizo mkewe anapenda kufukiza. Mzee mmoja akaapa kwamba wa kwake ni wakubwa zaidi, hawa ni watoto. Ebong alisimama kando, mikono nyuma, na alipoulizwa kwa sauti kama kweli hii ni nyumba yake, akasema ndiyo, ni yangu, na mbu ni wangu.

Alum akaendelea. Mia na ishirini. Mia na arobaini. Walifika mia na sitini na watatu, wakaisha, akarudi mwanzo kuwatenga, kwani karatasi inataka kujua nani ameshiba na nani ana njaa. Alimwinua wa kwanza kwa kibanio akamwelekeza kwenye jua. Tumbo lilikuwa limevimba, jekundu. Akamweka upande wa walioshiba. Wa pili, jekundu. Wa tatu. Wa nne na wa tano. Upande mmoja wa kisahani ulijaa na mwingine ukabaki pamba tupu, na bado alikuwa hajafika katikati.

"Humu walilala watu wangapi?" aliuliza bila kuinua kichwa, kwa sababu swali hilo huulizwa kila nyumba na mdomo wake ulikuwa umelizoea.

"Mmoja," Abeja alisema.

Kibanio kikasimama hewani. Alum alitazama kisahani, kisha akatazama shuka, wale wote waliokuwa wanasubiri zamu yao. Wiki nzima alikuwa amewaomba waje, na walikuwa wamekuja, na palikuwa na mkeka mmoja tu wa kuwapokea. Vidole vikambana yule aliyemshika. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumpasua mbu hata mmoja, na sasa damu ilikuwa imeenea kwenye pamba, na ilikuwa ya Abeja, na nusu yake labda ya mtoto.

Abeja alichuchumaa kando yake kwa uzito, mkono mmoja chini ya tumbo. Mikono yake ilikuwa imejaa vipele toka kiwikoni hadi kidoleni, na hakuwa anajikuna. Alitazama shuka kama mtu anayetazama mavuno yake.

"Wifi," alisema, "wametosha?"

"Wametosha," Alum alisema. Alitaka kusema na mengine, lakini kilio kilimshika pale pale juani, mbele ya Engola na ukoo mzima, na hakujificha uso. Abeja alikichukua kibanio mkononi mwake, akaendelea kuwatenga waliobaki.